Kompyuta Iliyokufa Izikwe Wapi?

Endagikot ni kata ya Mbulu, nchi ya vilima na baridi, ambako mkulima hukaa na shamba lake mlangoni. Samadi ya zizini ndiyo inayolisha mahindi na maharagwe. Majivu ya jikoni na takataka za kufagiwa huishia papo hapo, na kuku huchakura humo tangu asubuhi hata jua kuchwa. Desturi hii ni njema, wala wazee hawakukosea, kwa kuwa kila walichokitupa kilioza na kuufaa udongo. Lakini siku hizi jalala lile lile hupokea vitu visivyooza: simu zilizovunjika, betri, redio, na sasa hata kompyuta za mashule na maofisi.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za Hazina kuleta hasara na matata. Marufuku ile iliondolewa zamani, na kompyuta zikaja kwa wingi, nyingi zikiwa mitumba. Watu walibishana sana juu ya mlango wa kuingilia. Wachache mno waliuliza habari za mlango wa kutokea.

Haya, tuifungue mashine tuone ndani yake mna nini. Kioo cha skrini ya zamani, ile nene yenye kisogo, kimechanganywa na risasi, nayo yaweza kufika kilo moja na zaidi katika skrini moja. Risasi imo pia katika lehemu ya mabamba ya zamani. Nyaya nyingi zimevikwa plastiki ambayo ikichomwa hutoa dioksini, sumu ikaayo miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Skrini ikiwa nzima mezani haimdhuru mtu. Hatari huanza inapopondwa au kutiwa moto. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake, naye huwa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Basi, chombo kilicholetwa kumfundisha mtoto kisoma chaweza kumpokonya akili aliyozaliwa nayo!

Pengine msomaji atasema kwamba moto mmoja nyuma ya nyumba si kitu. Na atazame Agbogbloshie, mjini Accra katika nchi ya Ghana, ambako kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya ili wapate shaba. Mwaka 2019 wachunguzi walipima mayai ya kuku waliokuwa wakizurura mahali pale, wakaona kwamba mtu akila yai moja tu amepokea dioksini mara 220 ya kiasi ambacho mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikubali kwa siku. Ni kweli kwamba moto wa Agbogbloshie ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Lakini kuku wa Mbulu naye hachagui majivu ya kuchakura.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hana njia iliyo bora. Yeye hutafuta shaba na aluminiamu. Akishapima mzigo wake huenda zake, na kioo kilichopasuka huachwa uani.

Kwa upande mwingine, walimu wengi huzifungia mashine stoo mwaka hata mwaka. Tusiwalaumu upesi, kwani mali ya umma haifutwi daftarini kwa neno la mwalimu mkuu peke yake. Hapana budi Halmashauri ishirikishwe. Njia ipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na mwaka 2021 zilitolewa kanuni mahsusi za taka za vifaa vya umeme. Afisa huyo, au ofisi ya kanda ya NEMC, ndiye wa kuulizwa ni nani mwenye kibali cha kukusanya. Wenzetu wa Rwanda wanacho kiwanda cha kuvunjavunja vifaa hivi huko Bugesera tangu 2018.

Kabla mashine haijatoka, itazamwe diski yake. Kufuta faili ni kung'oa kibao cha mlangoni tu: nyumba ingali ipo. Humo mwaweza kuwa na alama za wanafunzi, magonjwa ya watu, hata orodha za ubatizo, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatuwajibisha kuzilinda. Diski yenye sahani iandikwe upya yote kwa programu ya kazi hiyo, au fundi aitoboe sahani zake kwa keekee, wala isichomwe.

Neno moja kwa wafadhili: mashine isiyowaka si zawadi, bali ni takataka iliyolipiwa nauli.

Gari la kwenda Arusha ni ghali kwa skrini tatu. Kwa hiyo shule, zahanati na parokia za jirani zikusanye pamoja, ziandike hesabu ya vitu vyote, kisha zimwite mwenye kibali mara moja. Mpaka siku hiyo, mzigo ukae juu ya mbao katika chumba kikavu, mbali na ghala la mahindi, na ufunguo awe nao mtu mmoja anayejulikana.