Ramani na Ghala Lake



Siku hizi wengi wetu twapenda kujifunza kuchora ramani za majengo kwa kompyuta. Jambo hilo ni jema. Lakini nimeona ya kuwa twajifunza kuchora, wala hatujifunzi kutunza. Kwa hiyo nataka kueleza habari za ghala la vifaa vya kuchorea, na jinsi ya kulitunza programu inapopata toleo jipya. Neno langu kubwa ni moja: ramani ya kompyuta haijakamilika mpaka iandamane na ghala lake, na toleo la programu iliyoichora lijulikane.

GHALA NI NINI?

Mchora ramani wa zamani alichora kila mlango kwa kalamu na rula. Nyumba ikiwa na milango ishirini, alichora mara ishirini. Mchora ramani wa leo huchukua mlango uliokwisha tengenezwa, akauweka ukutani. Mlango huo, pamoja na madirisha, vitanda, mabeseni ya kunawia, taa, hata miti ya bustani, huwekwa mahali pamoja panapoitwa maktaba ya vifaa. Mimi nitapaita ghala, ili tusipachanganye na maktaba ya vitabu.

Kifaa cha ghalani si picha tu. Chukua mfano wa Archicad, programu ya kampuni ya Graphisoft iliyoanzishwa Budapest, Hungaria, mwaka 1982. Humo kila kifaa ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha iitwayo GDL. Maagizo hayo huiambia kompyuta: upana ni huu, kimo ni hiki, rangi ni hii. Ukibadili upana wa mlango kutoka sentimeta 80 kuwa 90, fremu na ubao wake hufuata, na orodha ya milango itakayopelekwa kwa seremala hubadilika vilevile. Basi kosa la ghala si kosa la urembo. Ni kosa la vipimo, na kosa la vipimo ni kosa la fedha.

NJIA MBILI ZA KUWEKA VIFAA

Programu hazitunzi vifaa kwa njia moja. Yafaa tuzijue njia mbili.

Ya kwanza ni ile ya Archicad. Ramani hukumbuka kwamba hapa pana kitanda, na kwamba kipimo chake ni kadha wa kadha; lakini kwa kawaida kitanda chenyewe kimo ghalani, nje ya faili ya ramani. Faida yake ni kwamba ghala moja laweza kutumiwa na ramani nyingi. Hasara yake ni kwamba kompyuta isipoliona ghala, haiwezi kuchora kitanda. Huweka nukta tu mahali pake.

Ya pili ni ile ya Revit, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, na kampuni yake ikanunuliwa na Autodesk mwaka 2002. Humo vifaa hukusanywa katika makundi yaitwayo familia. Ukipakia familia, nakala yake huingia ndani ya faili ya ramani, ikakaa humo. Faida yake ni kwamba kifaa husafiri pamoja na ramani. Hasara yake ni kwamba ukisahihisha familia ile katika folda ya ghala, ramani haina habari. Itabaki na nakala ya zamani mpaka uipakie upya. Na ukiipakia upya, kompyuta hukuuliza swali: je, ibadilishe kifaa peke yake, au ibadilishe pamoja na vipimo vyake? Mwenye haraka hubonyeza pasipo kusoma, na vipimo alivyovirekebisha kwa siku nyingi hufutika.

NUKTA ZILIZOITWA NGUZO

Sasa nitasimulia kosa langu mwenyewe, ili lisiwe lenu.

Chama chetu cha uchoraji kilipewa kazi ya kuchora ramani ya bweni litakaloongezwa. Tulichora kwa Archicad katika kompyuta ya mwalimu. Tuliweka vitanda kwa safu, tukaacha njia pana ya kutokea wakati wa hatari, na mabeseni ya kunawia mwisho wa chumba. Kazi ilipokwisha, nilinakili faili ya ramani katika flashi, nikaipeleka kwa Padri anayesimamia ujenzi. Nilinakili ramani peke yake. Ghala nililiacha nyuma.

Kompyuta ya pale ilipofungua faili, ilituonya kwamba kuna vifaa visivyopatikana. Sikusoma onyo lile. Nilibonyeza tu ili niione ramani. Kuta zilikuwako, lakini vitanda na mabeseni yote yalikuwa nukta nyeusi. Karatasi ilikuwa imekwisha chapwa nilipoona. Mzee fundi mkuu akaichukua, akavaa miwani yake, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Mwanangu," akaniuliza, "nguzo zote hizi za nini katika chumba kimoja?"

Nikamjibu, "Samahani, Mzee, hizo si nguzo. Ni vitanda."

Padri alicheka, lakini mzee hakucheka. Alisema, "Kama usingalikuwapo leo, ningaliagiza nondo na saruji." Maneno hayo yaliniingia. Mchora ramani hatakuwapo siku zote kando ya ramani yake kuieleza. Ramani yapaswa kusema yenyewe.

Jioni ile mwalimu alinionyesha jambo ambalo ningalilijua mapema. Archicad yaweza kuhifadhi ramani kama faili ya kumbukumbu, ambayo jina lake huishia kwa herufi pla. Faili hiyo hubeba ramani pamoja na vifaa vilivyotumika ndani yake. Kama ningalipeleka hiyo, pasingalikuwa na nukta hata moja.

TOLEO JIPYA LIKIJA

Hatari ya pili huja kwa sura ya zawadi: programu inapopata toleo jipya. Yafaa tutofautishe mambo mawili. Kuna marekebisho madogo, ambayo huziba makosa ya toleo lile lile. Kuna na toleo jipya kabisa, ambalo huja na ghala jipya na namna mpya ya kuhifadhi faili.

Katika Revit safari ya kwenda toleo jipya ni ya kwenda tu, hakuna kurudi. Faili iliyofunguliwa na kuhifadhiwa katika Revit ya 2025 haifunguki tena katika Revit ya 2024. Familia nazo ni vivyo hivyo. Basi mtu mmoja tu akitangulia wenzake, amewafungia mlango. Katika Archicad kuna huruma kidogo: toleo la 27 laweza kuhifadhi ramani kwa ajili ya toleo la 26, yaani hatua moja nyuma. Tena Graphisoft hutoa maghala ya kuhamia, ambayo hushika vifaa vya zamani vilivyoondolewa katika ghala jipya, ili ramani ya zamani isikose vifaa vyake.

KANUNI ZA MTUNZA GHALA

Kwa hayo yote nimejiwekea kanuni sita, nazo naziweka mbele yenu.

1. Awepo mtunza ghala mmoja. Wengine wachukue vifaa, lakini kuongeza na kusahihisha iwe kazi yake.

2. Kila toleo liwe na folda yake, na mwaka au namba yake iandikwe juu. Usichanganye vifaa vya matoleo mawili. Vifaa viwili vyenye jina moja huleta mashaka, wala hujui ni kipi kilichotumika.

3. Usibadili toleo katikati ya kazi. Maliza kwanza. Ikiwa huna budi, jaribu kwa nakala, si kwa faili ya asili, na wote wabadili siku moja.

4. Baada ya kubadili, linganisha orodha ya vifaa ya zamani na mpya. Vitanda vikiwa 40 jana, viwe 40 leo. Pima milango michache kwa macho yako.

5. Kazi ikiisha, hifadhi ramani, ghala lake, na karatasi iliyochapwa, katika mahali pawili mbalimbali. Palipo na intaneti dhaifu, kama kwetu, usitegemee kwamba utavipakua tena.

6. Andika daftarini: tarehe, toleo, kifaa kilichobadilishwa, na jina la aliyekibadilisha. Wahenga walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Sisemi kwamba tuyakatae mambo mapya. Asiyebadili toleo kamwe atashindwa siku moja kufanya kazi na wenzake. Lakini wazee walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Jengo hudumu miaka mingi kuliko toleo lolote la programu. Siku moja bweni letu litahitaji kupanuliwa tena, na mwanafunzi asiyezaliwa bado ataifungua ramani yetu. Na akute vitanda, asikute nukta.