Mshipa Upi? Inflamesheni na Kuota kwa Mishipa katika Ugonjwa wa Matende

Makala haya yananuia kueleza jinsi inflamesheni inavyochochea kuota kwa mishipa ya damu na ya limfu. Mfano unaorejelewa ni matende, ugonjwa uliowatesa wakazi wa Pwani ya Kenya, hasa Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu, kwa miaka mingi.

Kikwazo cha kwanza ni istilahi. Aghalabu inflamesheni huitwa uvimbe, ilhali uvimbe ni dalili yake moja tu. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Neno mshipa nalo limetwishwa mzigo mzito zaidi. Ni njia ya damu, ni neva, na kwa wazungumzaji wengi ni busha pia. Mgonjwa akiambiwa kuwa mshipa wake una kasoro, ataelewa upi?

Tishu inapodhurika, seli za kinga, zikiwemo makrofaji, humiminika hapo na kutoa protini za jamii ya VEGF. VEGF-A hushika vipokezi vya seli za ukuta wa mshipa wa damu. Ukuta hulegea, majimaji huvuja, na machipukizi huota kuelekea protini ilikozidi. (Kitenzi kuota kinafaa mno hapa.) VEGF-C, iliyotambuliwa mwaka wa 1996 na kundi la Kari Alitalo mjini Helsinki, huchochea hasa mishipa ya limfu, ambayo huondoa majimaji hayo. Kwa hivyo, kwa muda mfupi, uotaji huo ni tiba.

Inflamesheni isipokoma, mambo hugeuka. Minyoo ya matende huishi ndani ya mishipa ya limfu, nayo hubeba bakteria wa Wolbachia. Minyoo ikifa, bakteria hao huamsha kinga. Mishipa hutanuka, vali hushindwa kufunga, limfu hutuama na mguu hufura.

Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa doksisaiklini, dawa inayoua Wolbachia, ilipunguza VEGF-C katika damu ya wagonjwa. Hata hivyo, majaribio ya baadaye nchini Mali na Sri Lanka hayakuthibitisha kuwa dawa hiyo huongeza nafuu kuliko ile iletwayo na usafi wa mguu pekee. Kuosha mguu kwa sabuni na kuukausha vyema katikati ya vidole huzuia bakteria wa ngozi kupenya nyufani na kuiwasha upya inflamesheni.