SOMO: MUNKOYO NI POMBE AO HAPANA?



Hapa Golf, na Lubumbashi yote, munkoyo tunaijua. Lakini wengi kati yetu wanajiuliza: mwanafunzi wa masomo ya Kiprotestanti, akipewa kikombe na nkambo ku mugini, anywe ao akatae? Kwanza tujifunze kintu chenyewe.

1. Namna inatengenezwa. Munkoyo njo jina ya muzizi wa porini. Mmea wake, Rhynchosia, ni wa jamaa ya maharagi. Ba mama wanapika uji ya unga wa mahindi mpaka iive vizuri. Wanaiacha ipoe, ibaki vuguvugu, kisha wanatia mizizi iliyopondwa. Ndani ya muzizi muna amilazi, inayokata wanga ya mahindi kuwa sukari. Ni sababu uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Uji ikiwa moto sana, amilazi inakufa, na munkoyo haitoki.

2. Siku zake. Ya leo ni tamu, haijakuwa pombe. Ya kesho inaanza kuchachuka. Ikilala siku mbili tatu, vijidudu sawa vile vya levire ya mukate vinageuza sukari kuwa pombe. Jina ni moja, kinywaji si kimoja!

3. Desturi. Kwa desturi, mwenye nyumba anaonja wa kwanza ili mgeni asiogope, na mgeni anapokea kwa mikono mbili. Hata mbali, kule Ajentina na Paraguai, watu wanakunywa majani ya mate vilevile: kibuyu kimoja, mrija mmoja, na anayemimina anakunywa wa kwanza. Kule ukimwambia asante, maana yake umetosheka. Pande zote mbili kikombe kinasema: wewe si adui.

4. Tufanye namna gani? Tuulize kwa heshima: "Nkambo, hii ni ya leo?" Ikiwa ya leo, tunywe. Lakini tuangalie maji: uji ilichemka, ila ikiongezwa maji isiyochemka, kolera inaweza kuingia. Tena afazali kila mutu na kikombe chake. Ikiwa imekwisha kuwa kali, tuseme: "Aksanti nkambo, niombe maji ya kuchemka," na tubaki kuketi naye. Kukataa kinywaji si kukataa mutu. Mtume Paulo, katika 1 Wakorinto 8, anatufundisha kwamba juu ya chakula tufikiri ndugu kwanza.

Maulizo:
a) Kwa nini uji inapaswa kupoa mbele ya kutia mizizi?
b) Munkoyo ya leo na ya siku tatu zinaachana namna gani?