Fuma boshori za watoto, lakini chunga mikono yako

Na DAKTARI WETU

Je, umewahi kuamka usiku wa manane ukahisi vidole vimekufa ganzi, ukalazimika kuukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, kabla ya kupata usingizi tena? Ikiwa jibu ni ndiyo, na ikiwa mchana unashika sindano za kufumia, basi makala ya leo yanakuhusu.

Mapema mwaka huu alinijia mama mmoja wa miaka 61, mwalimu mstaafu. Alikuwa ameangusha vikombe viwili vya chai katika wiki moja. "Daktari, vidole vyangu vinalala kabla yangu," akaniambia. Nikamwuliza, "Mama, siku hizi unafanya kazi gani?" Akajibu kwamba hafanyi kazi yoyote, anakaa tu nyumbani.

Nimejifunza kutoliamini jibu hilo. Baada ya kumdodosa niligundua kwamba huko "kukaa tu" kulikuwa kufuma kwa saa 5 au 6 kila siku. Yeye na wenzake 13 wa chama chao walikuwa wameahidi boshori 120 kwa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati katika hospitali moja. Kila mmoja alifuma sehemu ya chini, ile iliyonyooka, kisha akampelekea mwalimu amalizie utosi. Wengine walidai utosi umewashinda. Hivyo mikono miwili ilikuwa ikifanya kazi ngumu ya mikono 28.

Alikuwa amemeza diklofenaki ya kununua dukani kwa miezi miwili bila kumwambia mtu. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu. Nilipompima sukari, nayo ilikuwa juu. Nimepata idhini yake kuyasimulia haya, kwa sharti kwamba nisitaje mtaa wake.

Kinachotokea kifundoni

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa kwa chini na utepe mgumu kwa juu. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, mshipa huo hubanwa. Ganzi huja kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kile kinachofuata. Kidole kidogo husalimika. Dalili hizo huzidi usiku kwa kuwa wengi wetu hulala tukiwa tumekunja mikono.

Kufuma peke yake mara nyingi si sababu kamili. Ugonjwa wa kisukari, tezi ya shingoni inayofanya kazi kwa ulegevu, baridi yabisi na ujauzito huifanya njia hiyo iwe finyu zaidi. Ndiyo maana daktari akikupima sukari ilhali ulimletea vidole, usidhani anakupotezea pesa.

Maumivu yakiwa kwenye shina la kidole gumba, huenda tatizo ni jingine, yaani uvimbe wa ala ya kano za kidole hicho. Jipime hivi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukipiga kelele, umepata jibu. Akina mama wenye watoto wachanga huupata sana kwa kumnyanyua mtoto, hata kama hawajawahi kushika sindano.

Mwalimu wetu nilimpa banzi la kuvaa usiku ili kifundo kikae kimenyooka, nikamsimamishia zile dawa, na tukaanza kuishughulikia sukari. Dawa za jamii ya diklofenaki si za kumezwa ovyo ovyo. Huweza kupandisha shinikizo la damu, kuumiza figo na kutoboa tumbo. Aidha, kama nyama za chini ya kidole gumba zimeanza kunywea, au kidole hicho kimepoteza nguvu, usingoje. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huenda usipone kabisa hata baada ya upasuaji.

Nikamwambia pia aache kufuma kwa wiki tatu. Akanitazama kama nimemtukana. "Na watoto?" akauliza.

Boshori si pambo

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ana mafuta machache mwilini, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, hivyo joto humtoka upesi. Inatakiwa joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, hutumia nguvu zake kidogo kujipasha moto badala ya kunyonya na kukua.

Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Colombia, Dkt Edgar Rey Sanabria alianzisha mtindo wa mama kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kama kangaruu, kwa sababu hospitali haikuwa na mashine za kutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto hawa wabebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, kuanzia mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Mtoto huyo huwa hana nguo nyingi: nepi, soksi na boshori. Utaona basi kwamba boshori ni kifaa cha matibabu. Ikibana au ikimfunika macho, wauguzi wataiweka kabatini, na hawatakosea.

Nikamshauri mwalimu abadilishe kazi: afundishe, asifume. Na kwa kuwa sikutaka kutoa ushauri nisioujua, nikajiunga na somo lake la Jumamosi. Wenzangu wa mfumo wa 8-4-4 watakumbuka jinsi tulivyofuma shuleni kwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa sakafuni. Mimi niliishia kwenye kitambaa cha mraba chenye mashimo, na mwalimu wa sanaa akanipa alama za huruma.

Somo lenyewe

Chukua sindano 4 zenye ncha pande zote mbili. Kabla ya yote fuma sampuli na uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Wengi huruka hatua hii, halafu boshori inamtosha mtoto wa chekechea. Tuseme umepata vitanzi 24. Kichwa cha mtoto wa wiki 28 huwa na mzunguko wa takriban sentimita 26. Zidisha 2.4 kwa 26, unapata 62 na kitu. Chukua 64, kwa kuwa inagawanyika kwa 4 na kwa 8, na utaona faida yake baadaye.

Anzisha vitanzi kwa ulegevu, maana ukingo uliokazwa huacha alama kwenye paji la uso. Vigawe kwenye sindano tatu: 24, 24 na 16. Sindano ya nne ndiyo ya kufumia. Sasa laza kazi mezani na uhakikishe ukingo wote wa chini umeelekea ndani ya pembetatu, bila kujisokota, ndipo uunganishe mwisho na mwanzo. Ukiunganisha ukiwa umesokotwa, hakuna dawa ila kufumua. Mimi nilifumua mara tatu, na akina mama hawakunionea haya.

Fuma vitanzi 2 vya kawaida na 2 vya kinyume kwa mizunguko kadhaa ili upate ukingo unaovutika, kisha endelea kwa vitanzi vya kawaida mpaka kazi ifike sentimita 8. Kila unapohamia sindano nyingine, kaza kidogo kitanzi cha kwanza, la sivyo utabaki na ngazi ya mashimo pale sindano zinapokutana. Kitanzi kikiponyoka usishtuke wala usivute. Kipandishe ngazi moja moja kwa sindano ya kroshia.

Halafu utosi, uliowashinda wote. Fuma vitanzi 6, kisha viwili vinavyofuata uvifume pamoja kama kimoja. Rudia mpaka mzunguko uishe. Umepunguza 8, wamebaki 56. Fuma mzunguko mmoja bila kupunguza. Unaofuata, fuma 5 kisha 2 pamoja: 48. Mzunguko mtupu tena. Halafu 4 na 2 pamoja, halafu 3, na kuendelea hivyo hivyo mpaka vibaki vitanzi 8 tu. Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi hivyo vyote, vuta, ufunge kwa ndani. Siri ya zile 24, 24 na 16 ni kwamba kila sindano hubeba mafungu kamili ya 8, kwa hiyo hakuna fungu linalokatwa katikati, na ukipoteza hesabu unajua umepotea kwenye sindano ipi.

Mama mmoja aliyekuwa ameapa kwa miezi kwamba utosi si wa mtu wa kawaida aliumaliza siku hiyo hiyo, akaushika mbele ya dirisha kutafuta mashimo. Alipokosa hata moja, akacheka mpaka akaketi.

Chama kilikubaliana kwamba kila mtu sasa anafuma boshori yake mwanzo hadi mwisho, wote kwa mtindo mmoja. Jumamosi moja ni ukingo, inayofuata ni utosi. Aliyechelewa husubiriwa, na aliyetangulia humsaidia jirani badala ya kuanza nyingine. Nimewaona wajane wawili kwenye meza ile ambao kwangu walikuwa wakija kila mwezi kwa maumivu yasiyo na mahali. Sitadai kwamba sindano zimewaponya. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza lilichapisha majibu ya wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali, na waliofuma mara nyingi ndio waliosema zaidi kwamba wanajihisi watulivu. Lakini ukiwauliza wapenda samaki kama samaki ni mtamu, unajua watakachojibu. Ninachoweza kusema ni kwamba hao wawili sasa huja kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu mikono, sheria yangu mezani ni hii: kila baada ya dakika 20 sindano chini, nyoosha vidole, zungusha mabega, nenda ukatie chai. Lazaneni kazi mapajani msiibebe hewani. Sindano nene na uzi usiovutwa sana hupunguza mzigo. Ukishapita miaka 40 na unaona vitanzi kwa shida, tatizo si mwanga peke yake, pima macho.

Uzi nao una mambo yake. Sufu halisi ya kondoo hunywea ikifuliwa kwa maji moto ya hospitali, kwa hiyo pamba au akriliki laini hufaa zaidi. Sweta la mitumba laweza kufumuliwa, bora lifuliwe vizuri kwanza. Msiweke vifungo, shanga wala utepe wa kufunga kidevuni. Kwenye soksi geuzeni ndani nje na mkate kila uzi unaoning'inia, kwa kuwa uzi mmoja ukizunguka kidole cha mtoto huzuia damu, na mtoto hawezi kusema anachoumwa zaidi ya kulia.

Mkishamaliza, fueni kwa sabuni isiyo na manukato, kausheni, na pangeni kwa ukubwa ndani ya mifuko safi yenye kuandikwa mzunguko wa kichwa. Pigieni simu muuguzi msimamizi kabla ya kwenda, mumwulize anakosa ukubwa gani. Mwalimu alipouliza, aliambiwa kwamba boshori za sentimita 34 zimejaa kabati zima, za 26 hakuna hata moja. Banzi bado analivaa usiku, ganzi imebaki kwenye ncha ya kidole kimoja tu, na nimemruhusu kufuma nusu saa kwa siku. Nina shaka kama anaitii saa.