Homa Isiyosikia Dawa ya Mseto

Mtoto wa miaka minne, wa Nyamongo au Mugumu, anapata homa, viganja vyake vinapauka, na bandama yake inavimba. Mkoani Mara kila mtu anajua jibu: malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini upo ugonjwa mwingine unaofika kwenye dalili hizohizo kwa njia yake, nao ni saratani ya damu ya watoto, lukemia kali ya limfosaiti. Ili kuielewa, tuanzie damu inakotengenezwa.

Ndani ya mifupa mna uboho. Humo seli mama hugawanyika usiku na mchana na kutoa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe sahani zinazoziba jeraha, na chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu. Limfosaiti ni mojawapo ya hizo nyeupe, na kazi yake ni ngumu kuliko ya wenzake: inatakiwa kutambua vijidudu ambavyo mwili haujawahi kukutana navyo. Kwa hiyo, ingali changa, hukata vinasaba vyake yenyewe na kuviunga upya kwa mpangilio mwingine, kila seli kivyake. Ni ufundi wa ajabu, na wa hatari pia. Anayekata na kuunga kila siku, siku moja ataunga vibaya.

Makosa mengi hufa pamoja na seli iliyokosea. Machache huvuruga amri ya kukomaa, na limfosaiti hubaki changa huku ikiendelea kugawanyika. Fikiria kitalu cha kahawa kwenye miinuko ya Tarime ambacho miche yake haikui wala haihamishiwi shambani, bali inazidi kuongezeka. Uboho ukijaa hivyo, chembe nyekundu hukosa nafasi na mtoto anapauka. Chembe sahani hupungua, fizi zinavuja damu na michubuko inatokea bila kugongwa. Chembe nyeupe zilizokomaa nazo huadimika, na homa hazikomi. Mifupa huuma hata mtoto akakataa kutembea.

Malaria hupasua chembe nyekundu zilizokwisha tengenezwa. Lukemia inazinyima pa kutengenezewa. Na hapa pana mtego: kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria ya kweli kwa mtoto mwenye lukemia, maana ukanda huu watoto wengi hubeba vimelea bila kuumwa navyo. Homa na upungufu wa damu vikirudi baada ya dawa ya mseto ya malaria, au michubuko ikitokea, kiombwe kipimo cha picha kamili ya damu (FBP), na damu iangaliwe kwa darubini.

Limfosaiti na malaria zimewahi kuchunguzwa pamoja hukuhuku. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kuzuia malaria kutapunguza limfoma ya Burkitt, saratani ya limfosaiti inayovimbisha taya. Limfoma ilipungua, ila ilikwisha anza kupungua kabla ya dawa, na malaria ikapanda tena ugawaji ukiendelea. Hoja haikufungwa. Lukemia haina ushahidi kama huo unaoihusisha na malaria. Kwa watoto wengi kosa la kwanza la vinasaba hutokea wakiwa bado tumboni, bila mama kukosea chochote.

Lukemia hii inatibika, na kwa Kanda ya Ziwa hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Kinachowashangaza wazazi ni muda wa matibabu: miaka 2 hadi 3. Tupige hesabu. Ugonjwa unapogunduliwa, mtoto ana seli mbaya zipatazo trilioni moja. Dawa za mwezi wa kwanza, mojawapo vinkristini itokanayo na ua la Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda uani, zikiua 999 katika kila 1,000, inabaki bilioni moja. Darubini haizioni. Nyingine zimejificha kwenye ubongo, ambako dawa ya dripu hupenya kwa shida, ndiyo maana kuna sindano za mgongoni. Mtoto anacheza mpira, mashavu yamejaa, na bilioni hiyo inatosha kuujaza uboho upya ikiwa safari za Mwanza zitakatishwa kwa kuwa anaonekana amepona.