Jarida la safari za anasa: Je, linamfaa msafiri wa kawaida?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Mikindani

 

Ndugu msomaji, yapo majarida ambayo wengi wetu tumeyashika mikononi japo hatukuyanunua. Tunayakuta kwenye mifuko ya viti vya ndege, kwenye meza za mapokezi ya hoteli, katika vyumba vya kusubiria daktari, na mengine yaliyokwishasomwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam. Hayo ni majarida ya safari za anasa. Karatasi zake zinang'aa, na picha zake ni za bahari ya buluu, vitanda vyenye mito saba na meza ya chakula iliyotandikwa ufukweni kwa watu wawili tu. Siku hizi picha za namna hiyo zimehamia pia kwenye simu, na vijana wetu wanazifungua kabla ya kulala.

Swali la makala haya ni hili: majarida hayo yanamfaa msafiri wa kawaida? Ninaposema msafiri wa kawaida ninamkusudia mfanyabiashara wa korosho anayekwenda Dar es Salaam kwa basi, mwanafunzi anayekwenda chuoni, mama anayempeleka mtoto mgonjwa Ndanda au Muhimbili, jamaa wanaokwenda mazikoni Lindi, na mtumishi aliyejiwekea akiba kidogo kidogo ili awapeleke watoto wake Zanzibar siku za Idi. Huenda wapo watakaoona kuwa hili ni jambo dogo. Lakini kinachoingia machoni kila siku huishia moyoni, na moyo ndio unaoamuru mfuko.

Safari katika Uislamu

Kwanza tuelewe kwamba Uislamu haukuikataza safari. Katika Suratul-Ankabuut (29:20) tumeamrishwa tutembee katika ardhi na tutazame jinsi Allah (s.w) alivyoanzisha uumbaji. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza swala (4:101) na ya kufuturu Ramadhani ili alipe siku nyingine (2:184). Msafiri aliyeishiwa njiani ametajwa miongoni mwa wanaostahiki kupewa zaka (9:60). Tazama, basi, mahali sheria ilipoweka jicho lake: kwenye uchovu wa msafiri, swala yake, funga yake na mfuko wake uliokauka.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ametenga kitabu kizima kuhusu adabu za safari. Humo amezigawa safari kwa makusudio yake: ipo safari ya kutafuta elimu, ipo ya ibada kama Hijja, ipo ya kuikimbia hali inayoiharibu dini ya mtu, na ipo ya kuyakimbia madhara ya mwili na mali, kama maradhi au kupanda kwa bei. Swali lake kwa msafiri ni moja: unakwenda kwa ajili gani? Jarida la anasa lina swali jingine: utalala wapi na utaonekanaje? Huo ndio mpaka wa kwanza kati ya mafunzo hayo mawili.

Nao wanazuoni wa misingi ya fiqihi wameyapanga mahitaji ya mwanadamu katika daraja tatu: dharura, haja, na yale ya kupamba. Msafiri anayetafuta nauli sahihi, maji ya udhu na kitanda salama yumo katika daraja mbili za mwanzo. Bwawa la kuogelea linalotazama machweo limo katika ya tatu. Kupamba si haramu, maana asili ya vitu ni kuruhusiwa mpaka lipatikane katazo. Tatizo ni pale mapambo yanapotangulizwa mbele ya haja.

Jarida limeandikwa kwa ajili ya nani?

Tuchukue mfano wa jarida linalojulikana duniani, Condé Nast Traveler la Marekani, lililoanza mwaka 1987 chini ya mhariri Harold Evans. Jarida hili lilijiwekea msimamo wa kusema kweli katika safari, kwamba waandishi wake wasipokee safari za bure kutoka kwa hoteli na mashirika ya ndege wanayoyaandika. Huo ni uadilifu, na Muislamu anatakiwa akiri uadilifu popote anapouona.

Hata hivyo, mwandishi anaweza kusema kweli tupu juu ya hoteli ambayo wewe hutaingia maisha yako yote. Jarida la namna hii linategemea sana matangazo, na wenye matangazo ni wauza saa za thamani, magari, vito na vyumba vya bei ya juu. Hao hawalipi ili wamfikie abiria wa basi la usiku. Kwa hiyo hata mhariri mwaminifu atachagua habari zinazomhusu yule ambaye mtangazaji anamtafuta. Kosa si lazima liwe uongo. Linaweza kuwa katika kuchagua kipi kisemwe na kipi kiachwe.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, abiria wa Kenya Airways kwa miaka mingi walikuta ndani ya ndege jarida liitwalo Msafiri. Jina ni letu la Kiswahili, lakini habari zilizomo ziliandikwa kwa Kiingereza. Sisemi kuwa hilo ni dhambi, maana ndege ina abiria wa mataifa mengi. Ninasema tu kwamba neno msafiri lilichukuliwa kwetu, na msafiri asiyejua lugha ile akabaki kutazama picha.

Mikindani ya kwenye picha

Sasa tuje nyumbani. Mji wetu wa Mikindani una kila kitu ambacho jarida la anasa linakipenda: ghuba tulivu, majahazi, mibuyu, nyumba kuukuu za mawe, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililikarabati likageuzwa kuwa hoteli. Mgeni ataelezwa pia kuwa Dk. Livingstone alishuka katika ghuba hii mwezi Machi 1866, akakaa siku chache kabla ya kuelekea bara. Jirani yetu, kuelekea mpaka wa Msumbiji, ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye matumbawe na fukwe za Msimbati.

Yote hayo ni kweli. Lakini fanya jaribio hili, ndugu msomaji. Chukua ukurasa wowote wa jarida la anasa unaousifu mji wa pwani kama huu, kisha uutafutie majibu ya maswali matano. Nauli ya daladala kutoka kituo cha mabasi hadi hapo ni kiasi gani? Msikiti wa Ijumaa uko wapi, na una sehemu ya wanawake? Nyumba gani ya kulala wageni haina baa, ili mtu aweze kulala na watoto wake? Wapi anaweza kula wali na samaki, au ming'oko, kwa bei ya mama ntilie? Na njia ikikatika afanye nini?

Swali hilo la tano si la kubuni. Watu wa kusini tunakumbuka jinsi Mto Rufiji ulivyovukwa kwa kivuko mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, na jinsi abiria walivyokwama njiani wakati wa masika. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na watu wakakwama tena. Siku kama ile, kilichomfaa msafiri kilikuwa habari ya kweli juu ya njia, maji ya kunywa na mahali pa kulaza watoto. Hakuna picha ya machweo inayoweza kuchukua nafasi ya hayo.

Jicho na mfuko

Lipo pia jambo zito kuliko kukosa taarifa. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w) ametuelekeza tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia, tusiwatazame walio juu yetu, maana hivyo ndivyo tutakavyosalimika na kuzidharau neema za Allah (s.w). Na katika Surat Twaha (20:131) Mtume mwenyewe amekatazwa asiyakodolee macho mapambo ya dunia waliyostareheshwa wengine.

Jarida la anasa linafanya kinyume cha mafunzo haya ukurasa baada ya ukurasa. Kazi yake ni kukuonesha aliye juu yako. Baada ya muda, mtu anaona aibu kulala kwa shangazi yake Temeke, ilhali kuunga udugu ni ibada. Anaona aibu kumpeleka mkewe Msimbati kwa gari la abiria na kapu la chakula, na anaona bora wasiende kabisa kuliko kwenda hivyo. Wapo wanaokopa kwa riba ili wapige picha mbili za fungate mahali ambapo wengine wamepigia. Qur'an imewasifu waja wa Rahmani kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali wanakuwa katikati ya hayo (25:67). Akopaye kwa riba ili afanane na picha ameacha wastani, na pia ameingia katika haramu iliyo wazi.

Fikra hii imefika hata kwenye Hijja na Umra. Matangazo ya vifurushi yanataja nyota za hoteli na dirisha linaloutazama Msikiti Mtakatifu. Mwenye mali ya halali hakatazwi kulala karibu na Haram. Lakini faradhi imefungamanishwa na uwezo wa njia (3:97), haikufungamanishwa na dirisha. Anayeweza kwenda kwa kifurushi cha kawaida, kisha akaahirisha mwaka hadi mwaka akisubiri cha kifahari, ajiulize ni nani aliyemwekea sharti hilo.

Walioandika kabla yetu

Huenda msomaji akauliza: je, kuna namna nyingine ya kuandika safari? Ipo, na ni yetu ya asili. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alikuwa mwanachuoni na mgeni wa masultani, wala hakuwa fukara. Lakini alipofika Mombasa aliandika kuwa watu wake ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa imara, na kwenye milango ya misikiti vipo visima vya maji ambapo mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Alipofika Kilwa alieleza jinsi sultani alivyompa fukara mmoja kutoka Yemen nguo zake mwenyewe baada ya kuombwa. Msafiri aliyemfuata alijua wapi atapata maji na watu wa hapo wanamtendeaje mgeni asiye na kitu.

Waswahili nao waliandika. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake wa Kijerumani, na maelezo yake yalichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa na macho, na alitueleza dunia kwa lugha yetu.

Nini kifanyike?

Kwa muhtasari, jarida la safari za anasa si haramu kulisoma, ila kurasa zenye pombe na miili iliyo wazi tunazijua hukumu yake. Lina faida zake: linafundisha jiografia, na kijana wa Mikindani anayetaka kuongoza wageni au kufanya kazi ya hoteli alisome kwa makini ili ajue mgeni anatarajia nini. Huyo analisoma kama muuzaji, na linamfaa. Lakini kwa msafiri wa kawaida anayelisoma kama mnunuzi, si mwongozo. Halimwambii anachohitaji, na linamfundisha kukidharau alichonacho.

Basi tusilalamike tu. Kila msikiti ulio karibu na kituo cha mabasi unaweza kubandika ubaoni karatasi moja na kuihuisha kila baada ya miezi michache: nauli halali, nyumba za wageni zenye staha, mahali pa chakula cha halali, sehemu ya wanawake ya kuswalia, na namba ya mtu wa kamati atakayepokea simu usiku. Misikiti isiyo na sehemu ya wanawake ianze na hilo, kwani wasafiri wengi wanaowauguza wagonjwa ni akina mama. Na taasisi zetu za Dar es Salaam zichapishe kijitabu kidogo cha Kiswahili kwa ajili ya wanaotoka mikoani kwenda Muhimbili, kiwaeleze watalala wapi na watamuuliza nani.

Gharama ya kazi hiyo ni ndogo. Na yule mama anayeshuka kwenye basi alfajiri akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni ana haki juu yetu, kwa sababu ni msafiri na ni mgeni wetu.