JE, TUZIME RUTA NA VYOMBO VYA UMEME VISIPOTUMIKA?

  

SWALI LENYEWE

Katika darasa letu la fiqhi mwanafunzi mmoja wa Newala alileta swali. Nyumbani kwao kuna ruta, yaani kile kiboksi cha intaneti kinachotumia laini ya simu. Kila siku baada ya swala ya Isha bibi yake huichomoa ukutani, huchomoa televisheni na king'amuzi, kisha huzima hata friji. Kaka yake akirudi huviwasha vyote. Husema kuwa kuzima na kuwasha kila siku kunaharibu vyombo, na kwamba kiboksi kidogo namna ile hakili umeme. Bibi naye hujibu kuwa amekulia katika zama za kibatari, na usiku moto huzimwa. Mwanafunzi akauliza: "Yupi kati yao yuko sawa?"

Darasa zima lilicheka, kwani wanafunzi wa Masasi mjini nao walikiri kuwa ugomvi huo upo kwao. Tuliahidi kulijibu kwa utulivu katika jarida letu, nasi leo tunatimiza ahadi.

MSINGI KATIKA DINI

Qur'an imetukataza israfu katika Suratul A'raaf (7:31), na katika Suratul Israa (17:26-27) imewaita wenye kutapanya mali ndugu wa mashetani. Lakini Suratul Furqaan (25:67) inapowasifu waja wa Mwingi wa Rehema inataja pande mbili: wanapotoa hawavuki mpaka, wala hawafanyi uchoyo, bali hushika njia ya katikati. Kwa hiyo anayeacha taa inawaka bure amekosea, na anayeinyima familia yake chakula salama kwa kuogopa uniti mbili naye hajapata.

Ama kuhusu usiku, tunazo Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Katika Hadithi ya Jabir bin Abdillah (r.a.) Mtume (s.a.w.) ameamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, kwa kuwa panya huweza kuuburura utambi akawaunguzia watu nyumba. Na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alisema kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha tuuzime tunapolala.

SABABU YA HUKUMU

Hapa ndipo penye somo, ndugu mwanafunzi. Amri ile imekuja pamoja na sababu yake. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza juu ya taa zinazotundikwa misikitini na kwingineko. Ikiwa inahofiwa kuwa zitasababisha moto, nazo zinaingia katika amri ya kuzimwa. Ikiwa hakuna hofu hiyo, hapana ubaya kuziacha, kwa sababu ile illa, yaani sababu ya hukumu, imeondoka.

Basi nasi tusiulize tu, "Je, kina taa inayowaka?" Tukisimama mbele ya chombo chochote cha umeme tujiulize mambo matatu:

1. Je, kikiachwa kuna hatari ya moto au madhara?
2. Je, kinakula mali bila ya kumnufaisha mtu?
3. Je, kuna mwenye haja nacho, au kikizimwa kutatokea hasara kubwa zaidi?

HESABU YA LUKU

Tuchukue swali la pili, kwani kaka wa mwanafunzi wetu alidai kuwa kiboksi hakili umeme. Uniti moja ya LUKU ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Tuseme ruta inatumia wati 10. Ikizimwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, hizo ni saa 7. Kwa siku 30 tutaokoa uniti 2.1.

Sasa tukitazame king'amuzi. Wengi wetu hukizima kwa rimoti, taa nyekundu ikabaki inawaka, tukadhani kimelala. Ving'amuzi vingi huendelea kula umeme vikiwa katika hali hiyo. Tuseme ni wati 8. Familia inayotazama televisheni saa 4 kwa siku hukiacha hivyo saa 20. Kwa siku 30 ni uniti 4.8. Tukijumlisha na zile za ruta tunapata 6.9, yaani karibu uniti 7 ambazo hazikumnufaisha mtu yeyote.

Je, uniti 7 ni kitu? Inategemea nyumba. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja wa matumizi madogo alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Nyumba yenye kutumia uniti 80 italipa 7,500 kwa zile 75 za mwanzo na 1,750 kwa zile 5 zilizozidi, jumla 9,250. Ikiokoa uniti 7 itatumia 73, nayo italipa 7,300. Tena anayezidi kiwango hicho mara kwa mara anaweza kuhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambalo kila uniti ilipangiwa shilingi 292. Huko uniti 80 ni shilingi 23,360. Kwa mzazi anayengoja msimu wa korosho ndipo ashike fedha, tofauti hiyo ni madaftari na sare ya shule.

Hata hivyo tuseme kweli. Chaja ya simu ya kisasa iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula umeme mdogo sana, hata uniti moja kwa mwezi haifiki. Bali pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja inamaliza uniti nzima, ambayo ingeendesha ruta yetu zaidi ya siku 4. Basi anayechomoa chaja kila jioni lakini akapiga pasi shati moja moja kila asubuhi, bado hajafahamu hesabu. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja mara moja kwa wiki.

VYA KUZIMWA NA VYA KUACHWA

Vyombo vya joto, kama pasi, jiko la umeme na hita ya kuchemshia maji, vizimwe na kuchomolewa mara tu kazi inapokwisha, mchana na usiku. Hivi ndivyo vilivyo karibu zaidi na ule utambi wa Hadithi. Vilevile soketi iliyolegea, waya uliochubuka, na waya mmoja wa kuunganishia uliobebeshwa vyombo vingi, ni hatari hata kama hakuna moto unaoonekana.

Televisheni, king'amuzi na ruta vizimwe ukutani visipohitajika. Ruta haiharibiki kwa kuzimwa usiku, wala haisahau namba yake ya siri, kwa kuwa mipangilio yake huhifadhiwa ndani. Lakini isichomolewe wakati inapojisasisha programu yake. Hapo tu ndipo kaka ana hoja.

Friji iachwe. Ikizimwa usiku kucha, joto hupanda na samaki na maziwa huanza kuharibika. Asubuhi mashine hufanya kazi ndefu kurudisha ubaridi, hivyo akiba inayopatikana ni ndogo na hasara yake ni tumbo la mtoto. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo. Friji iliyofungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Umeme ukirudi, ngoja dakika kama 5 ndipo uiwashe, ili nguvu ya umeme itulie.

Wakati wa masika, mawingu yakikusanyika juu ya uwanda wetu wa Makonde, chomoeni televisheni, waya wa antena na ruta kabla radi haijafika. Ikishaanza kupiga karibu, msiguse tena nyaya hizo.

UMEME NA MAJI YETU

Watu wa Newala wanaijua thamani ya kitu kinachopandishwa mlimani. Udongo wa uwanda wetu hunywa mvua yote ikazama chini, ndiyo maana bibi zetu waliteremka mabondeni na ndoo kichwani. Leo maji ya chanzo cha Mitema husukumwa na pampu za umeme kupandishwa uwandani, na umeme ukikosekana bomba nalo hunyamaza. Sehemu ya umeme wa mkoa wetu imetokana na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Gesi hiyo ni neema, na ikishachomwa hairudi tena ardhini.

Tena tukumbuke umeme wa msikiti na wa madrasa. Huo ni mali ya waqfu, si ya mtu mmoja. Vitabu vya historia vinasimulia kuwa Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alikuwa akizima taa ya mali ya umma anapoanza mazungumzo yake binafsi. Nasi tunatoka baada ya Adhuhuri tukiacha feni zinazungukia mikeka mitupu!

JIBU LETU

Bibi yuko sawa kuhusu ruta, televisheni na king'amuzi, na jambo lake lina asili katika Sunna. Kuhusu friji amezidisha, naye aelezwe kwa adabu na upole, si kwa kuviwasha vyombo nyuma ya mgongo wake. Kaka hakukosea kutaka vyombo vitunzwe, bali amekosea katika hesabu. Na kama ana kazi au masomo ya usiku yanayohitaji intaneti, hiyo ni haja ya kweli. Aombe ruhusa, amalize, kisha azime mwenyewe.

Ipo faida moja ambayo bibi hakuitaja. Ruta inapozimwa saa nne, simu za watoto nazo hupumzika, na wenye kulala mapema huamka kwa Alfajiri. Wangapi kati yetu tumepitwa na swala ya jamaa kwa sababu ya video moja iliyofuatwa na nyingine? Uniti hununuliwa tena, lakini Alfajiri iliyopita haina duka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu ya amri ya kuzima taa usiku kama ilivyokuja katika Hadithi ya Jabir (r.a.).
2. Imam Nawawi amesema nini juu ya taa zinazotundikwa?
3. Ruta ya wati 6 ikizimwa saa 8 kila usiku, mtaokoa uniti ngapi kwa siku 30?
4. Pamoja na mzazi wako, andika vyombo vyote vya nyumbani kwenu, kisha kila kimoja ukiulize yale maswali matatu.